Saa ya Kidonge na Saa ya Chakula: Kutafuta Chanzo Pale Dawa ya Kuachia Polepole Inapokwenda Kombo

Mgonjwa wa presha au wa kisukari ambaye vipimo vyake vilikuwa vimetulia kwa miezi, kisha vikaanza kupanda na kushuka bila sababu inayoonekana, kwa kawaida hushukiwa mambo mawili: ama hamezi dawa zake, ama dozi aliyopewa haimtoshi tena. Yote mawili hutokea. Hata hivyo, ikiwa dawa anayotumia ni ya kuachia polepole, yaani kidonge kinachotoa dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi badala ya yote kwa mara moja, liko swali la tatu linalostahili kuulizwa kabla dozi haijaongezwa: kidonge humezwa saa ngapi ukilinganisha na chakula, na je, mpangilio huo ni uleule kila siku? Naliona swali hili kuwa la lazima kwa sababu kulijibu hakuna gharama, na kwa sababu dozi iliyoongezwa kutokana na kosa la saa inaweza kumdhuru mgonjwa siku atakapoanza kumeza kwa saa iliyo sahihi.

Maelezo yanayofuata yanaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Msomaji anaweza kuyatumia kurekebisha saa ya kumeza ili ilingane na maelekezo ya dawa yake mwenyewe; kuongeza dozi, kuipunguza au kuacha dawa kunabaki kuwa kazi ya daktari.

Dalili ambazo hazingoji uchunguzi

Mtu aliyezimia, aliyebanwa na kifua au aliyepata degedege apelekwe hospitali mara moja pamoja na boksi la dawa yake, na vivyo hivyo anayetumia mofini, dawa ya maumivu makali, akionekana kusinzia mno na kupumua polepole kuliko kawaida. Mgonjwa wa kisukari anayetetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa apewe kwanza sukari iliyokorogwa kwenye maji, au soda ya kawaida yenye sukari, maadamu ana fahamu na anaweza kumeza. Akipata nafuu asiachwe peke yake wala asiridhike na kinywaji hicho tu, kwa kuwa kidonge cha kuachia polepole bado kinaendelea kutoa dawa, na sukari iliyopanda kwa nusu saa inaweza kushuka tena baadaye. Ale chakula, apimwe mara kwa mara, na apelekwe kituo cha afya.

Je, kidonge ni cha aina hiyo kweli?

Utatuzi wote unategemea jibu la swali hili, na mara nyingi mgonjwa hajui. Herufi zinazofuata jina la dawa kwenye boksi ndizo zinazoeleza: SR, XR, ER, CR, MR, XL, LA, PR, au neno Retard. Metformini, dawa ya kisukari, ya miligramu 500 ipo ya kawaida na ipo yenye herufi XR, na hizo mbili hufuata kanuni tofauti za kumeza. Tatizo letu ni kwamba katika maduka mengi ya dawa vidonge hukatwa kutoka kwenye pakiti kubwa, vikatiwa ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa 1x1 au 1x2, huku herufi zile zikibaki kwenye kipande kilichokwenda kwa mteja mwingine na karatasi ya maelezo ikibaki dukani. Mgonjwa ana haki ya kuomba aonyeshwe boksi zima, na mfamasia makini hatachukizwa na ombi hilo.

Vidonge vyenye ganda linalostahimili asidi ya tumbo ni jambo jingine. Hivyo havitoi dawa polepole. Vinachelewa tu kuanza kuitoa mpaka vifike kwenye utumbo mwembamba. Nitavirudia mahali pake, maana huchanganywa sana na hivi tunavyovizungumzia.

Safari ya kidonge tumboni

Mtu akiwa hajala, misuli ya tumbo lake hupitia mzunguko unaojirudia kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi, na mwishoni mwa kila mzunguko huja mkazo wenye nguvu unaofagia kila kilichobaki, kikiwamo kidonge kizima, na kukisukumia kwenye utumbo mwembamba. Akishakula, mzunguko huo husimama. Tumbo hushika kazi ya kusaga, na mlango wake wa chini hupitisha rojo na chembe ndogo, kwa makadirio zisizozidi milimita 2 hivi. Kidonge kikubwa kisichovunjika hubaki nyuma mpaka chakula kiishe. Ndiyo maana kidonge kilekile kinaweza kutoka tumboni ndani ya saa moja kwa mtu aliyekimeza alfajiri kabla ya chai, na kikakaa saa 6 au zaidi kwa mtu aliyekimeza baada ya pilau kisha akaendelea kutafuna karanga na vitafunio mchana kutwa.

Kikishatoka tumboni, hali hubadilika: utumbo mwembamba hupitiwa kwa saa 3 hadi 4 hivi, awe mtu ameshiba au ana njaa. Baada ya hapo kidonge huingia kwenye utumbo mpana na kinaweza kubaki humo kwa zaidi ya nusu siku. Kwa dawa inayofyonzwa vizuri hata kwenye utumbo mpana, jambo hilo halina ubaya wowote. Kwa dawa inayofyonzwa sehemu ya juu ya utumbo mwembamba peke yake, kidonge kilichowahi kupita hapo kinakuwa kimekosa nafasi yake, na kinachotoka baadaye huishia chooni bila kumsaidia mgonjwa.

Mafuta yana athari mbili zaidi. Huchelewesha tumbo kumwaga kilichomo, na huita nyongo nyingi ambayo husaidia dawa zisizoyeyuka vizuri katika maji kuyeyuka kwa wingi na kwa haraka. Karatasi za maelezo zinapotaja chakula chenye mafuta mengi, zinarejelea mlo wa majaribio wenye kalori 800 hadi 1,000, karibu nusu yake zikitokana na mafuta. Sahani iliyojaa ya chips mayai inakaribia kipimo hicho, na vivyo hivyo biriani ya sherehe, au chapati mbili za mafuta pamoja na mayai ya kukaanga na chai ya maziwa. Uji wa ulezi, ndizi za kuchemsha au kipande cha mkate mkavu haviko katika kundi hilo. Nayo maelekezo ya kumeza bila chakula, kwa dawa nyingi, maana yake ni saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Kumeza kidonge ukiwa umeshika kikombe cha chai na andazi mkononi hakuhesabiki.

Uso kuwaka, kichwa kugonga na kizunguzungu saa chache baada ya kumeza

Dalili hizi zikijitokeza wakati uleule baada ya kila kidonge, kisha zikapungua kadiri saa zinavyokwenda, zinaashiria kwamba dawa inaingia kwenye damu kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa. Dawa ya kwanza kuchunguzwa ni nifedipini, ambayo hutumiwa sana kwa presha, ikiwa ni pamoja na presha ya wajawazito.

Nifedipini ni mfano bora kuliko yote niijuayo wa kwamba jina la dawa pekee halitoshi. Ipo iliyotengenezwa kwa mfumo wa kusukumwa na maji: kidonge chenye ganda gumu na tundu dogo, ambamo maji ya tumboni huingia na kusukuma dawa nje kidogo kidogo, hiyo haijali sana chakula na inaweza kumezwa wakati wowote. Ipo yenye tabaka la nje linaloyeyuka polepole likizunguka kiini kinachotoa dawa kwa haraka zaidi. Aina hiyo huuzwa Marekani kwa jina la Adalat CC, na maelekezo yake yanataka imezwe bila chakula, kwa kuwa mlo wenye mafuta mengi hupandisha kilele cha dawa kwenye damu, yaani kiwango cha juu kabisa inachofikia, kwa asilimia 60 hivi. Na ipo ya kumezwa mara mbili kwa siku, ambayo boksi lake huandikwa Retard. Nchini Uingereza wanaowaandikia wagonjwa dawa hushauriwa kuandika jina la kibiashara la nifedipini ya kuachia polepole badala ya jina la dawa tu, ili mgonjwa asibadilishiwe aina bila kukusudia. Ushauri huo ungetufaa sana sisi pia.

Hatua za kufuata ni hizi. Soma boksi ujue ni aina ipi. Kumbuka ulikula nini katika saa mbili za kabla ya kumeza na saa moja ya baadaye. Kwa siku tatu nne mfululizo pima presha kabla ya kumeza na pale dalili zinapoanza, ukiandika saa na chakula kando ya kila kipimo. Ikiwa maelekezo ya dawa yanataka tumbo tupu na wewe ulikuwa ukiimeza pamoja na chai nzito, rudi kwenye maelekezo na uendelee kupima. Mama mjamzito asiache dawa kwa sababu ya kichwa kugonga. Kichwa kugonga katika ujauzito wenye presha kunaweza kuwa dalili ya hatari yenyewe, kwa hiyo aende kliniki siku hiyohiyo.

Liko tunda moja linaloleta dalili hizohizo kwa njia nyingine, nalo ni balungi. Maji yake huzuia vimeng'enya vilivyo kwenye ukuta wa utumbo ambavyo kwa kawaida huharibu sehemu ya nifedipini kabla haijafika kwenye damu, na athari hiyo hudumu kwa muda mrefu kiasi kwamba kutenganisha tunda na kidonge kwa saa chache hakusaidii. Anayetumia nifedipini aliache tunda hilo kabisa.

Kizunguzungu cha mzee anapoinuka kitandani au anapotoka msikitini au kanisani kinaweza kuwa na asili iliyo kinyume na hiyo. Tamsulosini, dawa ya wanaume wenye tezi dume iliyovimba, huingia kwa wingi zaidi mtu akiwa hajala: ikimezwa bila chakula, jumla ya dawa inayofika kwenye damu huongezeka kwa asilimia 30 hivi, na kilele chake hupanda kwa asilimia 40 hadi 70. Ndiyo sababu kapsuli yake humezwa nusu saa baada ya mlo uleule kila siku. Mzee aliyezoea kumeza baada ya chakula cha mchana, kisha siku ya safari akaimeza alfajiri kabla ya kupanda basi, anaweza kuanguka kituoni akiinuka kwenye kiti, na familia ikadhani ni uchovu.

Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kutapika: dozi iliyomwagika kwa mkupuo

Kidonge cha kuachia polepole kimebeba dawa ya saa 12 au 24. Kizuizi chake kikishindwa, kiasi chote hicho huingia mwilini kwa saa chache, na dawa inageuka kuwa sumu bila mgonjwa kuzidisha hata kidonge kimoja. Somo hili lilijulikana vizuri nchini Marekani katikati ya miaka ya 1980 kupitia theofilini, dawa ya pumu. Ilibainika kwamba aina moja ya kumezwa mara moja kwa siku, Theo-24, ikimezwa pamoja na kiamshakinywa chenye mafuta mengi, humwaga sehemu kubwa ya dozi kwa muda mfupi, na wagonjwa wakapata kichefuchefu, kutapika, maumivu ya kichwa na moyo kwenda mbio. Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo aina nyingine ya theofilini, iliyotengenezwa kama chembe za kunyunyizia watoto kwenye chakula, ilionekana kufanya kinyume: chakula kilipunguza kiasi kilichofyonzwa. Dawa ni ileile. Kilichotofautiana ni ganda.

Kwa mgonjwa ambaye bado anatumia theofilini, dalili za namna hii ni sababu ya kutomeza dozi inayofuata kabla ya kuzungumza na daktari au kufika hospitali, kwa kuwa umbali kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru ni mdogo, na hatua ya mbele ya sumu hiyo ni degedege na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Akishatulia ndipo aulizwe alikula nini.

Pombe inaweza kufanya kazi ileile ya kuvunja kizuizi. Mwezi Julai 2005 dawa ya maumivu iitwayo Palladone, kapsuli za haidromofoni za kuachia polepole, iliondolewa sokoni Marekani baada ya kuonekana kwamba ikimezwa pamoja na pombe kali kilele cha dawa kwenye damu kilipanda kwa wastani wa mara sita. Anayetumia mofini ya kuachia polepole kwa maumivu ya saratani hapaswi kuimeza na pombe ya aina yoyote, na hili linafaa kusemwa wazi kwa wale wanaomuuguza, kwa sababu mgonjwa aliyekata tamaa hupewa bia na wanaompenda kwa nia njema.

Chanzo cha tatu ni mikono yetu wenyewe. Kidonge kilichosagwa ndani ya uji ili mzee asiyeweza kumeza akinywe, au kilichotafunwa kwa sababu ni kikubwa, kimeshapoteza kizuizi chake. Vipo vichache vyenye mstari katikati vinavyoruhusiwa kugawanywa mara mbili, na zipo kapsuli zinazoweza kufunguliwa chembe zake zikanyunyiziwa kwenye chakula laini na kumezwa bila kutafunwa, lakini ruhusa hiyo itoke kwenye maelekezo ya dawa husika. Mgonjwa asiyeweza kumeza abadilishiwe dawa, apewe ya maji au ya kawaida.

Dawa haifikishi mwisho wa siku

Hapa dalili ni za upungufu. Sukari ya asubuhi iko juu ingawa mgonjwa anasema kweli kwamba hakosi kidonge hata siku moja; mkojo unaanza tena kusumbua usiku; maumivu yanarudi saa kadhaa kabla ya dozi inayofuata.

Kwa metformini ya XR, chanzo cha kwanza kutafutwa ni kumeza bila chakula. Metformini hufyonzwa zaidi sehemu ya juu ya utumbo mwembamba. Kidonge cha XR kimetengenezwa kwa vitu vinavyovimba vikilowa maji na kuwa donge laini, na donge hilo likikaa tumboni pamoja na chakula hudondosha dawa kidogo kidogo kuelekea mahali hasa inapofyonzwa. Likimezwa bila chakula husukumwa mapema, na sehemu kubwa ya dawa hutoka likiwa limeshapita. Maelezo ya dawa hiyo yanaonyesha kwamba kuimeza na chakula huongeza kiasi kinachofyonzwa kwa asilimia 50 hivi. Kwa hiyo humezwa pamoja na chakula cha jioni, chakula cha kweli, wali au ugali na mboga yake, si kikombe cha chai ya rangi. Wagonjwa wengi wa kisukari huambiwa wapunguze chakula cha usiku, nao kwa utiifu wakaacha kula jioni kabisa huku wakiendelea kumeza kidonge saa tatu usiku. Sukari yao ikipanda, lawama huangukia kidonge. Marekebisho ni kuhamishia kidonge kwenye mlo ambao kweli huliwa kila siku, kwa kumjulisha daktari, na kupima sukari ya asubuhi kwa wiki moja au mbili kabla ya kuhukumu dozi.

Alfuzosini ya kuachia polepole, ambayo pia ni ya tezi dume, hufuata mkondo huohuo: bila chakula, kiasi kinachofyonzwa hupungua kwa nusu. Linganisha na tamsulosini iliyotajwa juu, ambayo bila chakula huzidi. Wanaume wawili wa mtaa mmoja wenye ugonjwa mmoja, wote wakiambiwa wameze baada ya kula, wakipuuza agizo hilo mmoja atapata kizunguzungu na mwingine ataamka mara nne usiku kukojoa. Kuazimana ushauri, achilia mbali kuazimana vidonge, hakuna usalama hapo.

Maumivu yanayorudi kabla ya wakati kwa anayetumia mofini ya saa 12 mara nyingi hayahusiani na chakula. Angalia kwanza nafasi kati ya dozi. Maandishi 1x2 husomwa na wengi kuwa asubuhi na jioni, na asubuhi ya mtu inaweza kuwa saa tatu na jioni yake saa kumi na moja. Kutoka hapo hadi asubuhi ni saa 16. Saa moja asubuhi na saa moja usiku ndiyo nafasi iliyokusudiwa.

Kutetemeka na jasho siku ambayo chakula kimekosekana

Gliklazidi ya MR, dawa nyingine ya kisukari, humezwa pamoja na kiamshakinywa, na watu hudhani ni kwa ajili ya ufyonzwaji. Ukweli ni kwamba chakula hakibadilishi kasi wala kiasi cha gliklazidi ya MR kinachoingia kwenye damu. Kidonge kimefanya kazi yake barabara. Kilichokosekana ni wanga wa kukutana na insulini ambayo kidonge kimeiamsha kutoka kwenye kongosho. Hali hii hutokea sana siku ya kupima damu bila kula, mgonjwa anapomeza dawa nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kisha akakaa foleni hadi saa tano. Siku hiyo kidonge kibebwe mfukoni na kimezwe baada ya damu kuchukuliwa, chakula kikiwa mbele yake, isipokuwa daktari ameelekeza vinginevyo.

Kichefuchefu, kuharisha na kiungulia

Metformini kwenye tumbo tupu huharisha, na XR hupunguza usumbufu huo bila kuuondoa. Jibu ni chakula na kupandishwa dozi hatua kwa hatua. Vidonge vya potasiamu vya kuachia polepole vinahitaji chakula na glasi nzima ya maji, na mgonjwa abaki amekaa au amesimama, kwani kidonge kilichokwama kwenye umio kinaweza kuuchoma hadi kuacha kidonda. Diklofenaki ya Retard, dawa ya maumivu, humezwa na chakula kwa ajili ya tumbo, ingawa maumivu ya juu ya tumbo yasiyoisha, au choo cheusi kama lami, ni sababu ya kuiacha na kwenda hospitali bila kujali ilimezwa saa ngapi.

Dawa inayochelewa kuanza

Hapa ndipo vidonge vyenye ganda la kustahimili asidi vinapoingia. Kwa kuwa havivunjiki tumboni, vikimezwa juu ya mlo mzito vinaweza kungoja humo saa nyingi kabla ya kutoa chochote, na mtu anayekula kidogo kidogo siku nzima anaweza kuvichelewesha hadi jioni. Hatari yake ni mgonjwa kumeza kidonge cha pili akidhani cha kwanza kimeshindwa, kisha vyote viwili vikatoka pamoja. Dozi isirudiwe kwa sababu ya kuchelewa.

Kidonge kuonekana chooni

Dalili hii huwatisha watu kuliko zote na mara nyingi haina neno. Nifedipini ya mfumo wa kusukumwa na maji huacha ganda lake tupu, na metformini ya XR inaweza kutoka kama donge laini lenye umbo la kidonge. Dawa imeshachukuliwa njiani. Wasiwasi uwepo pale kidonge kinapotoka saa chache tu baada ya kumezwa, au mgonjwa anapoharisha sana, au alipopata kukatwa sehemu ya utumbo. Katika hali hizo muda wa kufyonza haukutosha, na dawa ya kuachia polepole huenda isimfae kabisa kwa wakati huo.

Vipimo vinavyoyumba: zamu za usiku na mwezi wa Ramadhani

Kuyumba bila mwelekeo, leo juu kesho chini, hutokana zaidi na mlo kubadilika kuliko na dawa. Walinzi, wauguzi na madereva wa masafa hula saa nne usiku juma hili na saa mbili asubuhi juma lijalo. Kwao saa ya ukutani haisaidii sana. Kidonge kinachotaka chakula kifungwe na mlo mkuu ulio karibu na saa ileile, na nafasi kati ya vidonge ilindwe. Juma la kubadilisha zamu ndilo la kupima mara nyingi zaidi.

Ramadhani inahitaji mpango uliokubaliwa na daktari majuma kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Huku karibu na ikweta, kutoka daku hadi futari ni kama saa 13 na nusu, kwa hiyo dawa ya mara mbili kwa siku huweza kugawanywa kwa nafasi zinazokaribiana na kawaida. Kwa ndugu zetu walioko Ulaya kaskazini, mwezi ukiangukia kiangazi, usiku unakuwa mfupi kiasi kwamba vidonge viwili vya saa 12 vingemezwa karibu karibu mno. Hapo ni lazima kubadilisha aina au ratiba. Metformini ya XR kwa kawaida huhamishiwa kwenye futari. Dawa inayoshurutisha tumbo tupu ndiyo yenye taabu, kwa sababu futari ya pwani, yenye mihogo ya nazi, maharage ya nazi, sambusa, kachori na kaimati, ni mlo wa mafuta mengi, na kidonge kilichomezwa wakati wa kufungua pamoja na tende kinakutana na mafuta hayo ndani ya dakika chache baada ya sala. Kwa dawa kama hiyo, nafasi inayofaa hutafutwa saa mbili au zaidi baada ya chakula cha usiku, au saa moja kabla ya daku, na ibaki hapo mwezi mzima.

Matatizo yaliyoanza baada ya boksi kubadilika

Ikiwa tarehe ya dalili ya kwanza inakaribiana na siku ulipopewa boksi la rangi nyingine, huenda hakuna haja ya kutafuta zaidi. Kiasi cha dawa ni kilekile, lakini kizuizi si kilekile, na kanuni ya chakula inaweza kuwa imegeuka. Rudi na maboksi yote mawili, la zamani na jipya, umwombe mfamasia asome maelekezo ya chakula ya kila moja. Ndiyo maana boksi tupu la dawa iliyokufaa linastahili kuhifadhiwa.

Pale ambapo saa ya kula haihusiki

Kama kidonge kimemezwa kwa usahihi kwa wiki mbili na tatizo liko palepale, chanzo kitafutwe kwingine. Kisukari cha miaka mingi kinaweza kudhoofisha mishipa ya fahamu ya tumbo, chakula na vidonge vikakaa humo bila mpangilio. Mgonjwa wa namna hiyo hushiba kwa matonge machache na kutapika chakula cha jana. Dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini, ikiwa mgonjwa ameianza karibuni, hupunguza nguvu ya dawa nyingi, nifedipini ikiwamo. Joto na unyevu ndani ya gari au juu ya jokofu huharibu vidonge vilivyotolewa kwenye pakiti zake.

Na yupo mgonjwa ambaye maisha yake hayana mlo wa uhakika, ambaye chakula cha jioni hutegemea kazi ya siku. Kwake XR inaweza kuwa chaguo baya, hata ikiwa ni dawa nzuri. Metformini ya kawaida hupungua ufyonzwaji kwa robo hivi ikimezwa na chakula, lakini hailazimiki kukaa tumboni kwa saa nyingi ndipo ifanye kazi, na daktari anaweza kuigawa kufuatana na milo iliyopo. Mabadiliko hayo yafanywe mara moja, kwa dozi mpya iliyoandikwa na sukari ikifuatiliwa, wala mgonjwa asiwe anapokea XR mwezi huu na ya kawaida mwezi ujao kulingana na kilichopo dukani.